Mlango wa Namba

Kila asubuhi, kabla ya kufungua dirisha la kupokelea wagonjwa, Methusela Nhonya aliipangusa kompyuta kwa kitambaa cha miwani yake, akaketi, akaiandikia mstari mmoja: printf("Mbukwa, %s", "Methusela"). Kioo kikajibu kwa salamu hiyo ya Kigogo: Mbukwa, Methusela. Naye akaitikia kwa sauti ndogo, kama anayeamkiana na jirani ng'ambo ya ua. Akishasalimiwa hivyo alijua mashine imeamka salama, na kazi ikaanza.

Mambo haya yalimkuta ukubwani. Miaka mingi alikuwa mpiga chapa wa shirika moja la umma pale Dodoma, hadi shirika likauzwa na wapiga chapa wakapunguzwa. Akakaa nyumbani kwake Kizota akifuga kuku, vidole vikimwasha kwa kukosa kazi. Likizo moja binti yake, aliyekuwa chuoni Morogoro, akamletea furushi la karatasi zinazofundisha PHP, lugha ya kuandikia kurasa za mtandao. Nyingi hakuzielewa. Ila alipofika kwenye printf, moyo ulitulia. Hiyo aliijua tangu ujana: ilikuwa ile barua ya ofisini ambayo maneno yake yamekwisha kupangwa, yamebaki mapengo tu ya kutia jina na tarehe. Yale mapengo yeye aliyaita milango. %s ni mlango wa maneno, hupitisha chochote kinachobisha hodi. %d ni mlango wa namba. Neno likibisha hapo huachwa nje, na ndani huandikwa sifuri.

Kwa ujuzi huo akapata kazi katika kliniki ndogo ya macho, akaitengenezea ukurasa wa kuandikisha wagonjwa. Unajaza jina, kijiji na mwaka wa kuzaliwa, kompyuta inapiga hesabu ya umri, printa inatoa kadi.

Mwaka ule wa 2003 madaktari walikuwa wanakuja kutoka Dar es Salaam kuwapasua wenye mtoto wa jicho. Wazee ndio waliotangulizwa, na asiye na kadi asingeingia chumba cha upasuaji. Miongoni mwa waliofika kuandikishwa alikuwa Bi Dorothea Chiwanga wa Kongwa, aliyeletwa na jirani yake. Jicho lake moja lilikuwa limekwisha kabisa. La pili liliona mwanga na kivuli, basi.

Methusela akamwamkia shikamoo, akamuuliza jina, kisha kijiji, kisha mwaka wa kuzaliwa.

"Mtunya," akajibu.

Hakuna Mgogo asiyeisikia Mtunya, ile njaa kubwa iliyokuja baada ya vita vya Wazungu vya kwanza, watu wakahama nyumba zao kutafuta chakula. Methusela hakusita. Mpiga chapa haandiki anachofikiri, anaandika anachotajiwa. Akaandika Mtunya, akabonyeza. Printa ikakoroma na kutoa kadi: Dorothea Chiwanga wa Kongwa, amezaliwa mwaka wa 0, umri miaka 2003.

Kadi ilichukuliwa na Sista Mwanahawa, nesi mkuu, mwanamke wa mjini mwenye maneno mepesi. Aliisoma kwa sauti kabla hajajizuia.

"Methusela, leo umempata mkubwa wako," akasema. "Enyi Wagogo, kumbe mnatuficha watu wa enzi za Nabii Isa."

Benchi zima likacheka. Methusela naye midomo ilikuwa imeanza kufunguka, mpaka alipomwona Bi Dorothea anageuza kichwa huku na huku, akitafuta kicheko kinatoka wapi na kinamhusu nani.

Sista Mwanahawa hakuwa na ubaya. Alipoona vile alijuta, akamnong'oneza Methusela aweke 1919, kama wanavyokadiriwa wazee wote, kazi iendelee. Akaweka. Kadi ikatoka safi, na Sista akaisoma tena, safari hii kwa heshima, ili mwenyewe aithibitishe.

"Huyo simjui," akasema Bi Dorothea.

Sista akambembeleza kwamba ndiye yeye, wamekadiria tu.

"Wa namba hiyo simjui, mwanangu. Mama alinizaa njiani, wanakwenda Mpwapwa kutafuta mtama. Waliomzika ndio walionilea, na neno aliloniachia ni hilo moja, kwamba mimi ni wa Mtunya. Sasa mkimpasua huyo wa namba, mimi si nitarudi nyumbani hivi hivi?"

Akaanza kuipapasa fimbo yake. Jirani aliyemleta akamsihi, asisikie. Methusela akamtazama akiinuka, akaona wazi kwamba akitoka pale hatarudi tena, na lile jicho lililobaki litafungika kwa kosa alilolitenda yeye, la kumbishisha mgeni hodi kwenye mlango usio wake.

"Nisubiri kidogo, mama," akasema. "Kosa liko kwangu."

Akaufungua ukurasa, akautafuta mstari. Penye mwaka akafuta d, akaweka s. Umri akauachia mlango wake wa namba, akautilia makadirio ya miaka themanini na minne, ili daktari ajue anamshika mtu wa rika gani. Sista Mwanahawa, aliyekuwa amesimama nyuma yake, akauliza kama wale madaktari wageni wataelewa Mtunya ni nini. Methusela akasema wakiuliza wataambiwa, na wa kuwaambia wamejaa benchini. Sista akaenda mwenyewe kumshika Bi Dorothea mkono.

Printa ikakoroma tena. Methusela akasoma polepole: Dorothea Chiwanga wa Kongwa, amezaliwa mwaka wa Mtunya, umri miaka 84.

Bi Dorothea akaipokea kadi, akapitisha kidole juu yake toka mwanzo hadi mwisho. Alikuwa bado amesimama.

"Mwanangu," akauliza, "waliyemkubali ni mimi, au ni yule mwingine?"

"Ni wewe, mama."