Bi Zuhura alikosa wa kumwitikia

Leo mtu ameniimbia, akanisubiri nimjibu, nami nikabaki kumkodolea macho.

Nimerudi kwetu Siyu kwa mradi wa sanaa. Niliwaalika kina mama waje waimbe vugo, zile nyimbo zao za harusi, tuzirekodi.

Nikatandika mikeka ukumbi mzima. Akaja Bi Zuhura peke yake.

Aliimba ubeti mmoja, akanyamaza. Nikadhani amesahau.

"Endelea tu, Bi."

"Hapa ni pako wewe. Itikia."

Jamani, sijui! Nimezaliwa hapa, lakini nimekulia Mombasa, kwenye harusi za muziki wa spika.

"Huyui? Mwana wa Siyu, huyui?"

Hakukasirika. Bora angekasirika.

"Wenzangu wote wametangulia mbele ya haki," akasema. "Niliposikia umetuita, nalidhani nimepata mwenzangu."

Kisha akaimba tena, akajiitikia mwenyewe, sauti ya pili akiishusha kidogo, kama yuko mtu kando yake.

Mimi nimeshika simu, narekodi, machozi yananitoka.

Kuna anayejua kuitikia vugo? Niandikieni, hata mstari mmoja. Nimemwambia kesho nitakwenda kwake.