Leso Juu ya Kompyuta

Kila nikisikia harufu ya vumbi lililopigwa na matone ya kwanza ya mvua, moyo wangu hurudi Namatala, kule Mbale, kwenye chumba cha Afande Opio. Afande alikuwa askari magereza mstaafu, na kompyuta yake kuukuu ndiyo iliyokuwa shule yetu ya Jumamosi. Tulivua viatu mlangoni kama tunaingia msikitini. Watoto kumi na wawili, mashine moja! Waliokuwa wakisubiri zamu walijifunza kuchapa juu ya vipande vya maboksi ya sabuni vilivyochorwa herufi kwa makaa. "Gonga polepole," Afande alisema. "Iko siku mtakaa ofisini, mtanikumbuka." Tulimcheka, lakini tulimwamini.

Akello aliletwa mjini kwetu na vita vya kaskazini. Alikuwa wa rika langu, na alipotezana na mama yake siku kijiji chao kilipochomwa. Tulitumia boksi moja, yeye upande wa kulia, mimi wa kushoto. Yeye hakutaka ofisi hata kidogo. Alitaka kuchapa tangazo la kumtafuta mama yake: jina lake, kovu la shavuni, na namna alivyoimba akitwanga mtama. Afande alikuwa na rafiki polisi ambaye Jumamosi moja alasiri angesafiri na lori la chakula kwenda kambi za wakimbizi. Polisi huyo aliahidi kubandika tangazo katika kila kambi.

Siku hiyo Akello alichapa tangu asubuhi, kidole kimoja kimoja. Alipomaliza alikimbia dukani kumwita Afande, aliyekwenda kununua karatasi za printa. Wenzetu walikuwa wameshaondoka, nikabaki peke yangu kulinda mashine, ndipo radi ikapiga mlimani. Nyumbani, Jaja, bibi yangu aliyenilea, alikuwa na sheria moja isiyovunjwa: radi ikilia, funika kila kioo, chomoa kila waya. Nami mtoto mtiifu nikavua leso yangu kichwani, nikafunika kioo cha kompyuta, nikachomoa waya. Wallahi, nilijiona shujaa.

Kwenye boksi hakuna anayejifunza kuhifadhi kazi yake. Afande alipowasha tena mashine, hapakuwa na hata herufi moja.

"Nani ametoa waya?"

"Mimi, Afande."

Hakunipiga. Heri angenipiga. Lori lilikuwa likipiga honi barabarani, na dereva hakutaka kungoja mvua izidi. Akello alichana daftari lake, tukaandika kwa mkono, yeye nakala moja, mimi moja, huku machozi yangu yakiharibu wino. Nakala mbili tu ndizo zilizopanda lori, kwa kambi mbili za kwanza.

Miezi ikapita, kisha yule polisi akaleta habari. Mama yake Akello alikuwa kambi ya tatu. Kila lori lilipofika alitoka kuuliza kama kuna karatasi yenye jina lake, mpaka homa ikamchukua. Akello alisikiliza hadi mwisho. "Wewe ulitaka kuikinga tu," aliniambia, kisha akalisogeza boksi letu lote upande wangu. Jumamosi iliyofuata hakuja, wala nyingine. Majuto ni mjukuu, walisema wahenga, na wangu huyu amekua, amezeeka, na bado anakaa nami nyumba moja.

Leo nafundisha watoto kompyuta hapa Jinja. Kila mtoto ana mashine yake, maboksi hawayajui, na nawalazimisha wahifadhi kila baada ya sentensi. Wananicheka, watundu hawa. "Mwalimu, siku hizi inajihifadhi yenyewe!" Najua, nawaambia, hifadhi tu. Mvua ikianza kunguruma upande wa ziwa, naacha kufundisha, naenda kusimama mbele ya soketi, mgongo ukutani, asipite mtu. Leso yangu iko kichwani, nimeifunga mafundo mawili.