Mkono wa Mzee Sefu Uliokataa Kulala

Nimekosa, ndugu zangu, na simsingizii shetani. Niliwadanganya watu wa Kindu, tena kwa sauti tamu!

Mnawakumbuka mabingwa wa hesabu waliokutana katika ukumbi wa chama chetu cha wasomi, kila mmoja na nchi yake, wote na vumbi la treni kwenye kofia. Mimi ndiye niliyewatafsiria. Mimi, mtunga hadithi, ambaye hata barua ya kuomba sabuni lazima niipambe!

Bingwa mmoja wa ndevu nyekundu alieleza hivi: kuna kazi ambazo mashine ya kuhesabu itazimaliza, na nyingine itazunguka nazo milele. Je, iko kanuni moja ya kutambua mapema, kwa kila kazi, kama itaisha? Akajibu mwenyewe: haipo, wala haitapatikana, na hilo limethibitishwa.

Haipo! Nikawatazama watu wangu waliovaa nguo za sikukuu, wengine wametoka Kailo kwa miguu. Niwape "haipo" waende nayo nyumbani? Moyo ukakataa. Nikatangaza: "Wameipata!"

Makofi! Vigelegele! Mgeni akainama kwa furaha, akidhani Kindu tunapenda hesabu kuliko samaki.

Lo, kumbe kati ya waliopiga makofi alikuwamo Mzee Sefu, baba yake Sakina. Na kesho yake mimi na mjomba wangu tulikuwa twende kumposa Sakina wangu!

Tulimkuta barazani anacheza bao. Mnalijua bao: unagawa kete shimo kwa shimo. Ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, unazoa zote na kuendelea. Ikiangukia shimo tupu, mkono umelala. Na kwa Mzee Sefu, mkono usipolala, hapasemwi neno lingine, liwe la posa au la msiba.

"Aa, bwana wa kanuni!" alisema huku anagawa. "Mukono huu utalala?"

Mjomba alinifinya. Sikusikia. "Utalala, Baba. Sasa hivi."

"Muzuri. Ukilala, tunaongea mambo ya Sakina. Usipolala, mimi sina mutoto wa kumupa muongo."

Kete zikazunguka. Kivuli cha paa kikasogea, Mto Lualaba ukapita na maji yake, mkono haukulala. Jasho likanilowesha shati la posa.

Mara wale mabingwa wakapita kuelekea bandarini, kungojea meli ya Lokandu. Mwenye ndevu nyekundu akaliona bao, akachuchumaa, akazifuata kete mzunguko baada ya mzunguko, macho yakawaka.

"Njo huyu, ndiye mwenyewe!" Mzee Sefu akasema. "Muulize, kanuni yao inasema nini?"

Nikauliza kwa Kifaransa, sauti kama ya mbu. Mgeni akacheka. "Kanuni gani? Si nilisema haipo? Bao hili limejirudia vile vile, kwa hiyo halitalala. Lakini kanuni ya kila kazi, hakuna!"

"Anasema nini?"

Barazani hakuna mwingine aliyejua Kifaransa. Ningeweza kusema lolote! Sakina alikuwa mlangoni na mwiko mkononi, ananitazama.

"Anasema haiko, Baba. Hata jana alisema haiko. Mimi njo nilisema iko. Sikutaka murudi nyumbani mikono mitupu."

Mzee Sefu akazoa kete. Akagawa. Akazoa. Akagawa.

"Papa!" Sakina akaita. "Laza huo mukono, bugali inapoa! Muongo amejitaja mwenyewe. Wengine wanangojaka mupaka wakamatwe."

Mzee akazitupa kete zote chini, akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Bao haijaisha. Mimi njo nimechoka! Mujomba, kaa, tuongee."

Lakini Sakina alitoa sharti: kabla ya harusi, nipite kila baraza, kisha nifike Kailo kwa miguu kama walivyokuja wao, nikiri kwamba haiko.

Nilifika Kailo nikichechemea. Nikasema, "Haiko." Wakapiga makofi yale yale! Bibi mmoja akanishika mkono: "Kumbe hata wenye mashine hawajui mwisho? Kama ni vile, tuko sawasawa. Kaa, mwanangu, ule!"

Uongo wangu haukuwa na kazi yoyote, ndugu zangu! Wewe unayebeba maneno ya watu, yafikishe ulivyopewa. Usiwahurumie wasikilizaji ambao hawajalia. Mimi nusura nimpoteze mke ndani ya mashimo ya bao, na hadi leo, nikikatiza sokoni, wauza samaki hunipokea kwa sauti moja: "Utalala, Baba! Sasa hivi!"