Siku Niliyomwangusha Mama Mkwe kwa Sababu ya Sindano ya Mgongo

Leo nacheka, lakini siku yenyewe ningeona shimo ningeingia na kuomba nifukiwe.

Mgongo umenitesa miaka, maumivu yanaanzia kiunoni yanashuka mguu wa kushoto hadi vidoleni, dawa nimemeza mpaka tumbo likagoma, kwa hiyo daktari mmoja mjini Kakamega aliponiambia hakuna haja ya kupasuliwa, ni sindano tu karibu na neva huku akiitazama kwenye skrini inavyoingia, nilikubali kabla hajamaliza. Shida ni kwamba siku hiyohiyo wazee wa Butere walikuwa wananingoja, waseme kama watanipa binti yao Ayuma au la.

"Mguu utakuwa na ganzi kwa saa kadhaa," daktari alisema alipomaliza kunidunga. "Nenda nyumbani ulale. Ukitembea, shika fimbo."

Ayuma akataka tuahirishe. Nikakataa, maana sikusikia maumivu hata chembe (asiyesikia maumivu hujiona mzima), na tulipofika nikaiacha fimbo garini. Nani humpa binti yake mzee wa mkongojo?

Sasa, kwetu mtu hamgusi mama mkwe. Hata mkono hampi, mnasalimiana kwa mbali kila mtu akiangalia kwake. Niliingia vizuri, nikasema mulembe, nikajivuta kando mama apite na sinia la ingokho, kuku wa wageni, na mguu ukaamua hauko kazini. Nikashika kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu ni bega la mama mkwe. Tukaenda chini wote wawili, mchuzi ukafuata.

"Mayi! Amemshika!" shangazi yake Ayuma akapiga yowe.

Mama aliinuliwa. Mimi nilibaki sakafuni nikiwaeleza wazee habari za neva, nao wakatoka nje kujadiliana. Ayuma alikuwa analia. Niliogopa kweli, nikajua nimempoteza.

Kisha sauti ya mama ikatoka jikoni: "Ayuma, hebu muulize huyo mtu wako, hiyo sindano wanadunganga wapi? Na mimi mgongo unaniumanga tangu nikuzae."

Wazee walirudi wakanitoza kondoo wa kutakasa, mazungumzo yakaendelea. Mwezi uliofuata tulikuwa kliniki, mama benchi lile, mimi hili, Ayuma katikati akipeleka maswali na kurudisha majibu. Na siku hizi daktari akisema nilale, nalala hapohapo, hata na viatu.