Karata Ambazo Kamera Haikuziona

Moshi wa magunzi ya mahindi hauna adabu. Unaingia machoni, unaingia kwenye uji, na jikoni kwa mama kule Mautuma uliingia hata kwenye karata zetu, zikawa za kahawia na kunata vidoleni. Baba alizipata kwa mzungu alikokuwa mpishi, akatufundisha mimi na kaka yangu Makokha mchezo wake. Kila mtu karata tatu, dau ni punje za mahindi, anayeogopa anatupa zake. Ukishatupa, mwenzako halazimiki kukuonyesha alichokuwa nacho.

Mwaka mmoja, msimu wa mvua, baba akaumia mgongo. Alisema ng'ombe hawatajichunga, mmoja wetu aache shule, tuamue wenyewe. Tukakaa mchana, magoti yakigusana, kila mmoja na punje ishirini. Wa kumaliza zake kwanza atachunga. Tulikuwa bado sawasawa nilipopata wafalme wawili. Hizo ni karata nzuri, muulize yeyote. Makokha akasukuma punje zake zote mbele.

"Uko na nini?" nikauliza.

"Weka zako uone. Lakini wewe unaogopanga hata jogoo."

Nilimtazama usoni nikaona mtu ambaye tayari yuko darasani. Nikatupa, nikijidanganya kwamba nimeokoa punje zilizobaki. Moyo ulikuwa umekwisha, na punje zikaufuata upesi. Karata zake zile tatu alizirudisha kwenye pakiti zikiwa zimefunikwa.

Msimu ule niliongea na ng'ombe tu. Ng'ambo ya mto nilisikia kengele ya shule, kipande cha reli kinachogongwa, na nilijua saa ya hesabu na saa ya kwenda nyumbani. Makokha alirudi na vumbi la chaki kwenye kaptura, amechoka. Karata hatukucheza tena.

Sikuomba huruma, na leo siombi. Nililima miwa, nikanunua trekta, na kwa elimu yangu ya darasa la tatu tu nikajenga nyumba ya mawe Amalemba. Ni kubwa kwa mtu mmoja. Likizo mjukuu wangu, anayeniita Kuka, yaani babu, huja na kuniwekea kwenye televisheni mashindano ya poka, mchezo wa karata ulio ndugu wa ule wetu. Vijana wa mtaa wote wameujulia huko mchezo huo, kwa sababu kamera inachungulia karata za kila mchezaji na kukuonyesha wewe uliye kwenye kiti chako nyumbani. Juzi jamaa mmoja alisukuma kila kitu mbele.

"Kuka, ona, huyu hana kitu!" mjukuu akapiga kelele. "Anamtisha tu!"

Mwenye karata nzuri akatupa. Mtoto akacheka mpaka akaanguka kwenye zulia. Mimi nilizima sauti.

Makokha tulimzika zamani, akiwa mwalimu mkuu, na watu wengi walikuja. Sikuwahi kumuuliza alikuwa na nini siku ile, nilikuwa na kiburi. Siku hizi mtoto anajifunza akiona karata za wote, sisi tulijifunza kwa uso wa mtu peke yake. Shule ile ningempa tena leo, bila ubishi, kama angenifunulia zile karata zake tatu.