Mashine niliiua mimi, anayefukuzwa ni Mama Kioko

Wakubwa shikamooni, wadogo habari zenu. Namshukuru mhariri kwa kulificha jina langu. Nina miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Msambweni, natunza kompyuta katika hoteli moja ya Diani. Siku hizi kila bosi anaogopa kwamba mwaka elfu mbili ukiingia kompyuta zitavurugika, basi anayejua kompyuta kidogo tu huonekana mtaalamu. Na mimi kichwa kilinivimba.

Meneja alilalamika kwamba mashine yenye orodha ya wageni inajikokota. Nikaingia kwenye kiini cha mfumo, ile programu ya ndani kabisa inayozigawia programu nyingine kumbukumbu, yaani nafasi ya kufanyia kazi. Kiini hubakiza kumbukumbu kidogo isiyoguswa na yeyote. Mimi nikaona huo ni uchoyo. Nikaigawa akiba yote, mashine ikachangamka, nikasifiwa.

Fikirieni pampu ya kisima. Kabla haijavuta, lazima uimiminie maji kwanza, kwa hiyo dumu moja huwekwa kando kwa kazi hiyo tu. Mkilinywa, kisima kimejaa na nyinyi mna kiu. Kompyuta nayo kumbukumbu ikijaa, kiini huhamishia vitu kwenye diski ili kipate nafasi, lakini kule kuhamisha kwenyewe kunataka kumbukumbu kidogo. Dumu nilikuwa nimeshaligawa.

Ijumaa moja mabasi mawili ya wageni yalifika mimi nikiwa msikitini. Mwenzangu wa mapokezi, nitamwita Mama Kioko, mjane kutoka bara, ndiye hunishikia zamu kila Ijumaa bila kununa. Kumbukumbu ikajaa. Programu zikangoja kiini kizipe nafasi, kiini kikangoja diski, diski nayo ikangoja kumbukumbu. Skrini ikaganda, hata saa yake ikasimama. Mama wa watu alingoja nusu saa nzima huku wageni wanafoka, mwishowe akachomoa waya. Orodha ikaharibika, wageni wakakosa vyumba.

Nilimkuta meneja anamfokea. "Nani amekutuma uue mashine?"

Mama Kioko akanigeukia mimi, kofia bado ninayo kichwani. "Kijana yangu, si wewe ndiyo unajua hii kitu? Waambie basi."

Nikasema nitachunguza. Wallahi, hilo tu ndilo lililonitoka. Akasimamishwa kazi palepale.

Nilichunguza kweli. Nikairudisha akiba kimyakimya, na tangu siku hiyo mashine haijaganda tena. Nilidhani nimetengeneza, kumbe nimemchimbia kaburi. Juzi meneja alinigonga begani, anacheka: "Unaona? Tangu yule mama atoke, mashine imetulia."

Mwisho wa mwezi Mama Kioko ataitwa kujitetea, na polisi wanatajwa. Naogopa, ndugu zangu. Nikisema kweli, kazi sina, na huenda kituoni nikapelekwa mimi. Mama yangu na wadogo zangu wanne wananitegemea. Nikinyamaza, watoto wa yule mama watakula nini? Simu ya mezani ikilia, nadhani ni polisi.

Jana nimeambiwa kwamba alitakiwa kutaja shahidi mmoja wa kumtetea. Amenitaja mimi. Nishaurini jamani, nikisimama pale mbele yake, niseme nini?