Shavu la Karani

Mke wangu alipofariki, watu wa mtaa wetu wa Dallas, hapa Embu, walikuja kunifariji kwa wiki mbili, kisha wakarudi kwa shughuli zao, kama inavyofaa. Walioendelea kuja ni wawili: karani mstaafu, jirani yangu, na mwalimu aliyefundisha Siakago na kurudi Embu kila Ijumaa. Jumamosi mchana walikuja kwenye kibanda changu cha kushona viatu, wakapindua kreti, tukacheza poka kwa sarafu. Karani ndiye aliyetufundisha. Kila mtu anapewa kadi mbili za siri, nyingine tano zinafunuliwa mezani, na anayeunganisha vizuri zaidi anazoa sarafu zote.

Sikusoma sana, na mchezo wenyewe niliuelewa nusu. Lakini mtu anayeomboleza hana la kusema, basi anatazama. Mwalimu akipata kadi ya mfalme alikaa wima kama mkaguzi wa shule ameingia, na hakuweza kumtupa hata kama kadi za mezani zilimsihi amtupe. Karani alijificha vizuri zaidi, ila alikuwa na shavu. Alitafuna muguka, yale majani ya kuchangamsha mwili, polepole, upande wa kushoto. Akipewa kadi mbili kubwa zinazofanana, donge lilihamia kulia, taya likasimama, na mkono ukaingia mfukoni kuongeza majani bila kuyatoa vijiti. Kwake, esi mbili, zile kadi kubwa kuliko zote, zilikuwa zimeshashinda kabla wengine hatujatazama zetu.

Mimi walinisoma vibaya. Uso wangu ulikuwa wa matanga siku zote, kadi ziwe nzuri au mbaya. "Fundi hana kitu," mwalimu alikuwa akisema. "Tazama hiyo sura." Nikishinda, walinipa pole kwa mazoea.

Sasa kuna habari ya mbuzi. Mke wangu alikuwa na mbuzi jike mweupe, aliyeletwa na mama mkwe wangu kutoka Kiritiri akiwa mdogo wa kubebwa kikapuni. Mke wangu alimwita kwa kupiga ulimi, na mbuzi aliacha chochote akaja mbio. Mke wangu alipolazwa hospitalini nilimuuza mbuzi huyo kwa karani. Baada ya mazishi nilimwomba karani aniuzie tena. Nilimwomba mara tatu.

"Fundi, huyu anajaza jagi kila asubuhi," alinijibu. "Omba kitu kingine."

Kila asubuhi nilimsikia mbuzi akilia ng'ambo ya ua, nikafunga dirisha.

Jumamosi moja donge la karani lilihamia kulia. Taya likasimama. Majani yakaingia na vijiti vyake. Mimi nilikuwa na saba mbili mkononi, na mezani palikuwa na saba nyingine. Esi hapakuwa na hata moja, na kadi tatu zinazofanana hushinda mbili, hata ziwe esi. Safari hii mwalimu alimtupa mfalme wake, kwa uchungu. Karani akasukuma sarafu zake zote katikati, nami nikaweka sawa na zake.

"Naongeza," akasema.

"Na nini, mzee? Umemaliza."

"Naongeza mbuzi. Nawe weka ile cherehani ya viatu."

Cherehani ilikuwa chakula changu.

"Mzee, usimweke mbuzi," nikasema. "Nina saba tatu."

Karani alicheka mpaka chembe za muguka zikaruka mezani. "Mwenye saba tatu hutangaza? Mwalimu, umewahi kuona?"

"Darasani kwangu," mwalimu akasema, "anayenyoosha mkono haraka ndiye hajui jibu."

"Ninazo, kweli."

"Fundi, hata kanisani husemi neno. Leo ndio unahubiri?"

Nikaweka mkono juu ya cherehani, kuonyesha nimekubali. Karani akafunua esi zake mojamoja, kama mtu anayewaonyesha wageni watoto mapacha. Nami nikafunua saba zangu.

Taya likaanza kutafuna tena, upande wa kushoto.

"Lakini alisema," mwalimu akanong'ona.

"Nilikuwa na esi mbili!" karani akamjibu, kana kwamba ameibiwa.

Alimleta mbuzi mwenyewe jioni hiyo, kamba mkononi, bila kusukumwa na mtu. Alipoondoka nilipiga ulimi kama nilivyosikia ukipigwa miaka yote. Mbuzi alinitazama, akaendelea kula majani ya ua wangu. Nilipiga tena. Akaja polepole, kama anayenionea huruma, nami nikaketi chini pale pale.

Jambo moja linanisumbua. Nilisema ukweli, lakini niliusema nikijua shavu lile haliwezi kuusikia. Pengine nilijua pia kwamba nikiusema ndipo atakapong'ang'ania zaidi. Mke wangu angeniambia mara moja kama huo ni ukweli au ni ujanja. Peke yangu sijaweza kuamua.

Kwa hiyo kila asubuhi nampelekea karani nusu jagi la maziwa. Anapokea juu ya ua, anatikisa kichwa.

"Esi mbili, Fundi."

"Pole sana, mzee," namwambia.